Kilele Kisichoitika

Usiku ule nililala na hasira. Jioni nzima nilikuwa nimebishana na mdogo wangu Elia juu ya jina la marehemu baba yetu, na asubuhi yake afisa wa hifadhi angekuja kuchukua jibu langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Nyuma kabisa ya mlima wetu, mbali na njia za watalii, kuna kilele ambacho hakina jina. Baba alikuwa mpagazi, na alifia huko. Sasa hifadhi ilitaka kukiita kilele hicho Mbonea, jina lake, na kusimamisha kibao cha chuma.

Elia alifurahi kama aliyepewa mlima wenyewe. "Dada, dunia nzima italisoma jina la mzee!"

"Na mtoto?" nikamuuliza.

Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwetu mjukuu wa kwanza hurithi jina la babu. Jina la marehemu halivaliwi na wawili.

"Mtoto tutamwita Brayani."

"Brayani wa ukoo gani?"

"Dada, wewe uliishia darasa la sita. Mambo haya yamekupita kidogo."

Niliishia darasa la sita kwa sababu mama alikuwa ametangulia, na baba alipokufa hapakuwa na mwingine wa kuwakorogea uji wadogo zangu, Elia na Neema. Nilisukuma sahani yangu, nikaenda kulala.

Baba hakubisha hodi. Nilimkuta jikoni kwangu amekaa kwenye kigoda, anakaza kamba ya mzigo, amevaa lile koti lake la kijani lililochanika kiwiko.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia. Alininyooshea mfuko wa chumvi. "Beba. Wenzako wameshatangulia."

"Baba, kuna jambo nataka kukuuliza."

Alikuwa ameshatoka. Nikamfuata, na nje ya mlango migomba yangu haikuwepo. Kulikuwa na msitu, mizizi yenye utelezi, na ukungu unaopita katikati ya miti kama mtu anayejua njia.

Natembea nyuma yake. Mfuko ni mdogo, lakini kamba yake inanikata shingo. Namuuliza habari za kilele, ananiuliza kama yule mbuzi mweupe ameshazaa. Namuuliza habari za mtoto, anataka kujua kama paa la jiko bado linavuja. "Baba, nisikilize!" Haongezi mwendo wala hapunguzi. Mgongo wake tu ndio ninaouona, na mgongo haujibu.

Msitu unapoishia, dawati langu la shule limesimama peke yake kwenye nyasi, limelowa umande. Nakaa. Nimechoka kufuata. Baba anasubiri, hanikemei. Kisha anasema, "Chumvi, twende."

Ndipo nilipokumbuka. Wapagazi wetu wakishavuka msitu hawaitani majina. Huitana kwa mizigo: Hema, Jiko, Maji. Baba alitueleza tukiwa wadogo kwamba ukungu wa kule huirudisha sauti kutoka upande usio wake, na mtu akiitwa kwa jina lake huitika kabla ya kufikiri. Naye alikufa hivyo hivyo. Mwenzake aliyekuwa mgeni katika kazi alipotea kwenye ukungu, akaingiwa na hofu, akapiga kelele: "Mbonea! Mbonea!" Baba akaitika, akaifuata sauti, na sauti ilitokea upande wa genge, akatumbukia. Hatukupata cha kuzika. Tulizika shina la mgomba.

Sasa tumefika, sikumbuki tulivyopanda. Kilele chenyewe si kikubwa kuliko uwanja wa nyumba yangu. Kibao kimeshasimama, kinang'aa. Baba amekaa chini amekiegemea, anachomoa kiazi baridi mfukoni, anaanza kukimenya.

"Kinakinga upepo," anasema.

"Kimeandikwa jina lako, Baba!"

"Sijui. Nimekipa mgongo."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Nimewalea wanao! Nimeacha shule! Kutwa kucha ni Dada, Dada, Dada, hakuna tena anayeniita jina langu. Nimekufuata mpaka huku, na wewe unaniita Chumvi! Niite hata mara moja, Baba. Nijibu!"

Akaacha kumenya. Kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Nikikuita hapa, utaitika. Ukiitika, hutarudi kwa wadogo zako."

Upepo ukavuma. Kibao kikatetemeka, na kutoka chini ya genge sauti ikapanda: Mbonea. Baba akainuka nusu, "Naam," akakaa. Upepo ukavuma tena. Mbonea. Akainuka, "Naam," akakaa. Kiazi kimemdondoka, hapati nafasi ya kukiokota. Anainuka, anakaa, anainuka, kama mzee anayesumbuliwa na watoto mlangoni, na wala hakuna mtoto.

Nikakishika kibao kwa mikono miwili nikivute, hakisogei. Nikalia kwa hasira.

Baba akauchukua mfuko wangu wa chumvi, akauweka chini. Kamba yake akaishika, akanipitishia shingoni, ncha yake akaifunga kiunoni mwake mwenyewe.

"Nishushe," akasema.

Nikaamka. Shingo inaniuma, na kulikuwa kumeshapambazuka. Nje, Elia alikuwa anapiga mswaki bombani.

"Dada, gari la hifadhi limeshafika njia panda. Umeamuaje?"

"Nipe mtoto."

"Ndiyo kwanza amelala, utamwamsha."

"Nipe mtoto, Elia."

Alimleta akinung'unika, amefungwa khanga mpaka kidevuni. Nikamwinamia sikioni, nikamwita: "Mbonea." Akakunja uso, akapiga chafya, akafumbua macho na kuyaelekeza huku na huku kama anayetafuta aliyemwita.

Elia alisimama na mswaki wake, povu mdomoni. "Na kilele je?"

"Kilele hakiitiki. Kikae kama kilivyoumbwa."

"Nitamwambia nini afisa sasa?"

Honi ilikuwa inalia barabarani. Nikampakata mtoto vizuri, shingo bado inauma.

"Kamwambie kwamba Baba ameshashuka."