Kiti Kitupu Kwenye Jiwe

Wanawake wa kanisani walijua nasomea historia, basi. Zaidi ya hapo mama hakutaka kuwaeleza. Mtoto wa Kikongomani, aliyebatizwa, kuchambua michongo na majengo ya watawa wa Kibudha wa kale! Mama aliamini siku moja nitarudi kutoka chuoni Westville nimenyoa kipara kama wao.

Siku ya kutetea utafiti wangu nilimsihi aje. Alifunga saluni yake, akavaa kitenge cha Pasaka, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba mapajani. Nilitaka anione. Kufaulu bila yeye kungekuwa chakula bila chumvi.

Nilionyesha picha ya jiwe kutoka monasteri moja ya kale huko India. Watu wamepiga magoti, viganja wamevikutanisha, mbele yao kiti. Kitini, mahali pa Budha, hakuna mtu. Mtahini mmoja akauliza, kwa uchovu, kama si kwamba mafundi hawakuweza kumchonga Budha. Mafundi waliochonga hadi shanga za shingoni mwa tembo washindwe na uso?

Nikamwambia kwetu kuna kiti cha baba. Baba alishafariki, na kiti kimehama nasi nyumba mbili hapa Durban. Mgeni akitaka kukikalia, mama humwahi: "Apana, papa. Ile kiti iko na mwenyewe." Mgeni hukiacha, na tangu hapo anajua mkubwa wa nyumba ni nani, ingawa hatujatundika picha yake. Basi tazameni macho ya hawa waliopiga magoti, nikasema. Wanamwona mtu.

Kalamu za watahini zikaanza kukimbia. Nilijivuna, sifichi. Wakanipitisha.

Nje mlangoni mama alinishika mkono, macho mekundu, nikadhani nimemuudhi.

"Ulibaambia baprofesa juu ya kiti ya papa yako."

"Ndiyo, mama."

"Na niliona banaandika."

Akatoa simu, akampigia mke wa mchungaji palepale, sauti juu, wanafunzi wakigeuka kututazama.

"Mama pasta? Mwana yangu amepita! Apana, si historia tu. Anasoma manyumba ya bamonaki ya Budha. Budha, ndiyo, umesikia muzuri. Jumapili atakuja kubaelezea, na mumupe wakati ya kutosha."