Tathmini Niliyoifanya Miritini

Asubuhi niliyokwenda Miritini kumtathmini msimamizi wa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, nilikuta mlango wa darasa umetiwa kufuli kwa nje, na watoto wamo ndani. Nilikuwa afisa wa elimu maalumu. Kazi yangu ilikuwa kuwapima wasimamizi kwa utendaji wao na kupeleka ripoti kwa mkubwa wangu.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Kisauni, aliyesifiwa na kila mzazi niliyemuuliza. Alikuwa uani akiosha vikombe vya uji; nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akafungua bila wasiwasi. Tulipoingia akafunga tena, safari hii kwa ndani. Watoto walikuwa safi, wamekunywa uji, wanapanga vizibo vya soda kwa rangi. Msichana mmoja alisimama dirishani ameshika nondo, akitazama malori yanapita nyuma ya ukuta wa shule uliobomoka.

Mama alinieleza kuwa msichana huyo aliwahi kutoka mbio hadi barabarani, dereva akafunga breki lori likasimama karibu limguse. Tangu hapo akaanza kufunga. Aliomba ukuta ujengwe, aliomba msaidizi, akaishia kuahidiwa. Mwalimu mwenzake alikuwa likizo ya uzazi.

Nikamwambia sheria hairuhusu kuwafungia watoto, na je, moto ukitokea?

"Moto naufikiria kila siku, mwanangu," akasema. "Lakini nikiacha wazi, nani atakaa mlangoni?"

Joto la mabati lilikuwa limezidi. Nilitaka kutoka, nikaona haya kumwomba ufunguo.

Ripoti ile ilinikalia kifuani juma zima. Nikimpa alama nzuri, nimelikubali kufuli. Nikimpa mbaya, namwondoa mtu pekee aliyekubali kuwalea watoto wale. Nilimsihi mkubwa wangu apeleke msaidizi kwanza. Akasema hayo si ya ofisi yetu, sisi twatathmini tu. Mwisho niliandika yote: kufuli, ukuta, uhaba wa walimu, na usafi wa watoto.

Lililoshughulikiwa ni kufuli peke yake. Mama alihamishiwa shule ya kawaida, kitengo kikasimama muhula mzima, na wazazi wakabaki na watoto nyumbani, wengine wakiacha vibarua vyao. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimewaona watoto, nikasema sijawaona.

Baadaye kitengo kilifunguliwa, msaidizi akapatikana, na ukuta ukajengwa. Mama hakurudishwa. Nikaomba nipewe kazi nyingine, yoyote ile, hata ya kurudi kushika chaki. Mkubwa wangu alitabasamu, akasema ripoti zangu ni za kuaminika na hawezi kuniachia. Akanipangia kitengo cha Likoni, na Jumatatu nikaenda.