Habari Iliyokatwa Mkia

Kama hujamjua Nasieku, ni ile mama wa viatu flati anakaa ploti ya nyuma ya soko hapa Kitengela, na kazi yake ni kuskiza watu. Ndio, analipwa kuskiza! Majirani walikuwa wanamcheka mwanzo, "yaani unakaa tu hivyo?" na siku hizi hao hao ndio wa kwanza kugonga mlango wake wakilemewa. Siku nyingi yuko kliniki, ghorofa ya pili juu ya duka la mbao. Jumanne anaenda Kajiado, anapewa kachumba nyuma ya kanisa, anaongea na watu wa huko kwa Kimaasai kwa vile yeye ni wa huko.

Na kazi anaijua, hapo hakuna ubishi. Ako na ile sauti. Unamwambia nyumba imeungua, anainamisha kichwa kidogo, anasema "mmh," halafu anauliza, "Na hiyo ilikufanya usikie aje?" Unajikuta umelia na ulikuja tu kuomba chumvi.

Shida ni kwamba tangu Machi hiyo sauti ilikuwa inafanya kazi peke yake, kama redio imeachwa ikiongea na wenyewe wametoka.

Machi ni hivi. Kulikuwa na mteja anaitwa Emmanuel, kijana wa kuchonga mawe kwa machimbo ya huko nyuma ya Kitengela. Alikuwa anakuja saa ya lunch na vumbi nyeupe mpaka kwa kope. Kabla akae, alikuwa anavua jaketi anaitandika kwa kiti ndio asikichafue. Alikuja mara tano. Ya sita hakuja. Nasieku akampigia mara moja, simu haikushikwa, na mwisho wa Februari akaandika kwa faili: amemaliza vizuri. Wiki tatu baadaye binamu yake Emmanuel akapiga kliniki kusema amejiua. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Nasieku akasema pole sana, akaweka simu chini, na saa tano kamili mteja mwingine akaingia. "Karibu," akamwambia. "Keti."

Hakumwambia mtu. Si kwamba alificha. Hakukuwa tu na kitu ndani ya kusukuma hayo maneno yatoke.

Watu wanadhani alikuwa na huzuni. Zii, huzuni ingekuwa kitu! Alikuwa anakula chapati inateremka tu. Alikuwa anacheka mahali pa kucheka. Siku moja msichana wake Yvonne alitoka shule mbio, akarusha begi kwa kochi.

"Mum! Nimekuwa namba moja mita mia nane! Ya kaunti!"

"Mmh," Nasieku akasema, kichwa kikainama kidogo. "Na hiyo ilikufanya usikie aje?"

Yvonne akamwangalia. "Mum, mimi si mgonjwa wako," akasema, akaokota begi akaingia chumba.

Nasieku akabaki kwa kochi. Alijua hapo ni mahali pa kuumia. Akangoja kuumia. Haikuja, akaenda akaosha vyombo.

Sasa, watu wa hiyo kazi wako na sheria moja safi sana: anayeskiza lazima na yeye askizwe. Kila mwezi Nasieku anakaa na mkubwa wake, Githinji, anayemwita Mwalimu, mzee wa sweta hata kukiwa na jua, na anampelekea fomu ya kujiangalia. Swali ni moja tu ya maana: mwezi huu ni nini kilikugusa?

Agosti Githinji alichukua fomu tano akazipanga kwa meza kama karata.

"Hebu nisomee, Nasieku."

"Niko salama," akasoma. "Wateja wako salama. Kazi inaendelea vizuri."

"Hiyo ni ya Aprili. Soma ya Mei."

"Niko salama. Wateja wako sa..."

"Zote tano! Hata nukta ziko mahali pamoja," Githinji akasema. "Si ungepiga kopi tu, upumzishe mkono?"

Nasieku akacheka, mahali pa kucheka. Githinji hakucheka.

"Ijumaa ya wiki ijayo uniletee kitu moja. Moja tu, kilikugusa na kikakaa. Ukikosa, nakutoa kwa wateja. Na si adhabu. Dereva akisinzia unamwachia usukani?"

"Mimi sisinzii, Mwalimu."

"Hiyo ndio inanitisha."

Akashuka ngazi hadi kwa duka la mbao na akasimama hapo, watu wakimpita. Kutolewa! Kazi ndio ilikuwa inashikilia siku yake ikae wima. Asubuhi saa tatu mtu, saa nne mtu, saa tano mtu. Bila hao hangejua mikono ataweka wapi. Akaanza kutafuta hicho kitu moja, na akatafuta kwa bidii, kama mtu amepoteza funguo. Jumatano aliskiza mjane. Hakuna. Ijumaa mtoto aliyechapwa. Hakuna. Jumatatu akafikiria kutunga tu kitu, na hata uongo ukakataa kuja.

Jumanne akaenda Kajiado.

Huko mteja wake wa kwanza ni Ng'oto Lemein, yaani mama yake Lemein, nyanya wa shanga mpaka kifua na fimbo anaigongesha chini akikasirika. Hajalala vizuri tangu huyo kijana wake auze shamba, ikauzwa na nyumba ya nyanya ikiwa juu. Wiki sita amekuja, na wiki sita wameanza vile Wamaasai huanza: salamu, halafu habari.

Na habari ya Kimaasai iko na mpangilio, haitupwi tu. Unaanza na uzuri. Tuko salama, watoto salama, ng'ombe salama, nyasi iko. Hata kama nyumbani kuna maiti, unaanza na salama, na mwenzako anaitikia "ee, ee" kila hatua. Halafu unasema "lakini," na hapo ndipo habari yenyewe huanza. Ukimaliza, yeye pia anakupa yake. Hakuna kula habari ya mtu uondoke bila kulipa yako.

Siku hiyo nyanya alikaa, akaegemeza fimbo, akafunga mdomo.

"Yeiyo, habari ya wiki?" Nasieku akauliza. Yeiyo ni mama, hivyo ndio anamwita.

"Iko."

"Nipe basi."

"Sitoi." Fimbo ko! chini. "Nimekulisha wiki sita. Yako sijaionja. Wewe ni fisi?"

Nasieku akaanza na ile sauti. "Mmh. Yeiyo, hapa ni saa yako, si..."

"Wacha hiyo sauti. Hiyo ni ya Kitengela. Nipe habari."

Kazi hairuhusu kumwagia mteja mambo yako, na Nasieku anajua hivyo. Akaona atoe ile ndogo ya heshima. "Niko salama," akasema. "Mtoto ako salama. Kazi ni salama. Mvua ilinyesha kidogo."

"Ee," nyanya akaitikia. "Ee. Ee. Ee."

Nyanya akangoja, akangoja, akainama mbele shanga zikalia.

"Na mkia?"

"Mkia gani?"

"Habari ina mkia! Umekata mkia umenipa kichwa. Wewe ni wa wapi, enkerai, mtoto wewe? Mama yako hakukufundisha? Salama haiishii hapo. Hapo ndio mtu huvuta pumzi."

Na hapo ndio Nasieku aliona fomu zake tano zimepangwa kwa meza. Niko salama. Wateja wako salama. Alikuwa ameandika miezi tano kama Mmaasai anayetoa habari, akaanza vizuri kabisa, na kila mwezi akaacha kalamu kabla ya "lakini."

Hakulia, usidhani. Vidole vyake tu vikawa baridi, na nje jua ilikuwa kali.

"Iko, Yeiyo," akasema. "Mkia uko. Lakini si wako kubeba. Nitaupeleka mahali pake."

Nyanya akamwangalia sana. "Ee," akasema. "Bora mkia uko." Akashika fimbo, akatulia. "Sasa. Sisi tuko salama. Mbuzi wako salama. Lakini huyo Lemein..."

Ijumaa Nasieku akapanda kwa Githinji bila fomu.

"Niko salama," akaanza. Githinji akavua miwani, amechoka. "Mtoto ako salama, alikuwa namba moja kaunti na sikumpongeza. Kajiado mvua ilinyesha. Lakini."

Halafu akampa yote. Jaketi kwa kiti, simu moja tu aliyopiga, amemaliza vizuri, saa tano kasoro dakika kumi, karibu, keti. Alisema kama anasoma orodha ya vitu vya duka. Githinji alikuwa anaitikia tu, "ii, ii," kwa Kikuyu chake, mpaka mwisho.

"Na unasikia aje?" akauliza polepole.

"Sisikii. Vidole ni baridi. Hiyo tu."

"Basi andika hiyo." Akamsukumia fomu. Nasieku akaandika: sisikii kitu, vidole ni baridi, tangu Emmanuel.

"Umeleta kitu," Githinji akasema. "Nilisema ukileta unabaki."

"Najua. Nitoe."

"Una uhakika?"

"Nilimwandikia amemaliza na sikuwa nimemuuliza, Mwalimu. Nitoe mwezi moja. Na nitafutie mtu wa kuniskiza, asiwe wewe."

Akamtoa.

Jumanne ikafika, akaenda Kajiado kuaga mwenyewe. Ng'oto Lemein alikuwa amekuja na chai kwa thermos.

"Mwezi mzima? Na habari nitampa nani?"

"Atakuja Cate, mwenzangu wa kazi."

"Anajua Kimaasai?"

"Salamu tu."

"Haya, nitamlea." Akamwaga chai kwa kikombe cha mfuniko, akampa. "Ulipeleka ule mkia?"

"Nilipeleka."

"Ukalia?"

"Hapana."

"Ee," nyanya akasema.

Wakakaa. Nasieku akanywa. Maziwa ilikuwa imetoka kwa kibuyu cha kufukizwa, na chai ilikuwa na ladha ya moshi. Hiyo aliisikia.