Nilifungua gunia nitafute jina la mkora

Napenda kuutangazia umma wa Kakamega kwamba leo asubuhi nilivaa gambuti mpya.

Nilizivaa kwenda msituni na dada yangu Mmbone kutazama ndege.

Tulimwona mmoja. Alikuwa amesimama juu ya nepi.

Chini yake kulikuwa na lundo la takataka, hatua chache tu kutoka kwa chemchemi ambapo watu huteka maji ya kunywa. Magunia, chupa, hata godoro.

Nikapandwa na hasira, nikatoa simu. "Huyu mkora leo namwanika mtandaoni na jina lake!"

"Basi fungua gunia," Mmbone akasema. "Wakora hawakosangi kuacha jina."

Nikafungua la kwanza.

Mama yetu akanitazama.

Zilikuwa programu za mazishi yake, zile zilizobaki mwaka jana. Picha yake iko mbele, amevaa kitambaa chake cha kanisa. Ndani, kwenye orodha ya watoto, jina langu ndilo la kwanza.

Wiki jana nilisafisha chumba chake nikampa mwenye mkokoteni gunia zima. Sikuuliza anapeleka wapi. (Nyinyi huwa mnauliza? Semeni ukweli.)

Mmbone akachungulia ile orodha. Kisha akasema, "Haya kaka, piga picha. Jina si umepata?"

Nikarudisha simu mfukoni.

Programu tulizipangusa matope, tukazibeba nyumbani.

Takataka zingine tuliziacha palepale.