Mtungi wa Tatu Sikuuosha

Jina langu mtanisitiria, maana wanangu wameshajua kusoma. Kosa lenyewe ni langu peke yangu na simsukumii mtu. Nikilikumbuka, hata kama nimeketi mezani, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Ngokolo hapa Shinyanga. Miaka ya sabini, kabla sijafungua gereji yangu, nilifanya kazi Mwanza kwenye karakana ya bandarini. Huko ndiko nilikozoeana na Masanja. Alikuwa mzamiaji. Alishuka ziwani na mtungi wa hewa mgongoni, akikagua matumbo ya meli na kukata kamba zilizojisokota kwenye panga za injini. Alinizidi umri, nikamwita kaka, naye akaniita nkoi, yaani rafiki kwa Kisukuma chao. Nilikula kwake kuliko nilivyokula kwangu. Mkewe, mama Kulwa, alikuwa akinipakulia bila kuniuliza kama nina njaa.

Kazi iliyotuharibia ilitoka Geita. Mfanyabiashara mmoja wa vyuma alikuwa amegundua kwamba ndani ya shimo la zamani la dhahabu, lililoachwa likajaa maji, imebaki pampu kubwa nzima. Vipuri wakati ule vilikuwa shida, na pampu kama ile usingeipata dukani hata ungelia. Alitaka mtu ashuke, aifunge mnyororo, kisha wachimbaji waivute kwa winchi.

Masanja alikwenda kulitazama lile shimo, akarudi anatikisa kichwa. Akaniambia maji si tatizo, tatizo ni njia. Matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, yalikuwa yamelala upande, yakaacha upenyo mwembamba. Mtungi mkubwa tuliozoea ungenasa. Ilibidi tutafute mitungi midogo, tuifunge pamoja ikae kama kifurushi mgongoni.

Hapo ndipo tulipotofautiana.

Masanja alikuwa na mitungi midogo miwili, mizuri, aliyoitunza kama watoto wake. Alitaka tuifunge ubavu kwa ubavu, kila mmoja na koki yake na mpira wake wa mdomoni. Mmoja ukikataa, anauacha na kuhamia kwa mwenzake. Ulikuwa mpango rahisi na salama, na mimi niliudharau.

Nilimwambia mipira miwili itamchanganya gizani, na hewa ya mitungi miwili midogo haitamtosha kwa kazi ya kufunga mnyororo. Nikasema nitamtengenezea kifurushi cha mitungi mitatu, nitaiunganisha juu kwa bomba moja, mpira uwe mmoja tu. Kitakaa bapa, kitapita popote. Kumbe moyoni nilikuwa natafuta sifa. Yule mfanyabiashara alikuwa ameniita fundi wa mafundi mbele za watu, na mimi nikavimba kichwa.

Masanja aliigeuzageuza mitungi yake miwili. Mwisho akasema, "Wewe ndiye fundi."

Mtungi wa tatu niliupata kwenye vyuma chakavu. Umbo lake lilikuwa sawa na ile miwili, lakini ulikuwa umetupwa uani muda mrefu, koki wazi, unanyeshewa. Nilipoupindua ukatoka uji wa kahawia, mzito, wenye vinyuzinyuzi, unanuka kama yai viza. Nilijua cha kufanya. Mtungi wa namna ile unautia mnyororo na kokoto ndani, unauviringisha mpaka kutu yote ing'oke, unausuuza kwa maji ya moto, kisha unaukausha kabisa. Ni kazi ya kuchosha na inanuka. Na safari ilikuwa kesho yake.

Niliusuuza kwa maji ya bomba mara moja, nikaziba pua, nikafunga koki. Nje nikaupaka rangi mpya.

Tulipokwenda kujaza hewa, Masanja alinusa vidole vyake baada ya kuushika, akaniuliza kama wa tatu nimeuosha vizuri.

"Nimeuosha," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Tukavuka ziwa kwa kivuko, tukapanda lori mpaka Geita.

Shimo lile lilikuwa chafu kuliko nilivyodhani. Maji yalikuwa na utando juu, popo waliokufa wanaelea pembeni, na harufu ilikukaba kabla hujafika ukingoni. Masanja alivaa kifurushi changu. Wachimbaji wakakisifu kwa udogo wake, na mimi nikacheka kwa raha. Nilishika kamba iliyofungwa kiunoni mwake, akazama.

Mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri. Kamba ikashuka taratibu, ikasimama, nikajua ameifikia pampu. Kuifunga mnyororo kulimlazimu ainame kichwa chini. Na alipoinama, ule uji wa kutu uliobaki kwenye mtungi wa tatu ulitiririka mpaka kwenye koki, ukaingia kwenye bomba langu moja, ukaziba njia ya hewa. Mitungi miwili yenye hewa safi ilikuwa mgongoni mwake, na hakuweza kuvuta hata pumzi moja kutoka humo.

Kamba iliruka mikononi mwangu. Tukavuta. Ikanasa kwenye matimba, tukalegeza, tukavuta tena. Alipotokea juu damu ilikuwa inamtoka puani na kwenye sikio, na mdomoni alikuwa na povu la rangi ya kahawia. Alilala kifudifudi akawa anatapika tope. Aliishi kwa rehema za Mungu, si kwa fundi wake.

Yule mfanyabiashara akaja mbio, akauliza kumetokea nini. Wote wakanitazama mimi. Masanja hakuweza hata kuinua kichwa.

Nikasema, "Nilimwonya asinywe pombe kabla ya kazi."

Nayaandika maneno haya na mkono wangu unanitia kinyaa. Masanja alikuwa hajagusa kitu siku ile. Lakini watu walijua kwamba sikukuu zikifika huwa anakunywa, kwa hiyo uongo wangu ulikubalika mara moja. Mmoja akaguna, mwingine akatema mate karibu naye. Wakati wanambeba kumpeleka hospitali, mimi nilikwenda nyuma ya kibanda, nikafungua bomba na kuumwaga ule uchafu. Nilitapika juu yake. Kisha nikaufukia kwa mguu, kama paka.

Masanja alitoka hospitali sikio moja halisikii na kifua kinamkoroma. Bandarini habari ilimtangulia, na mzamiaji mlevi hapewi kazi na mtu yeyote. Mimi niliacha kazi, nikarudi Shinyanga kufungua gereji.

Siku moja mama Kulwa alinifuata Ngokolo. Alisafiri kwa basi peke yake. Mke wangu alimkaribisha chai, hakuigusa. Akaniambia mumewe hasemi lolote. Ukimuuliza habari ya Geita anainuka na kutoka nje. Akanitazama usoni.

"Shemeji, wewe ulikuwepo. Siku ile alikunywa?"

Ningeweza kuumaliza uongo pale pale, mbele ya mtu mmoja tu.

"Alikunywa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akajifunga vizuri kanga yake, akaondoka. Haukupita muda nikasikia amechukua watoto na kurudi kwa baba yake, karibu na Katoro.

Miaka ilipita. Gereji ikakua, watu wakaniita mzee, nikawa nasali safu ya mbele. Nilishindwa kunywa maji bila kuyanusa kwanza. Mwishowe niliposikia Masanja yuko Maganzo, anachekecha mchanga na watafutaji wa almasi, nilikwenda.

Nilimkuta amechuchumaa na chekeche lake, amekonda, mvi kichwani. Nikamwamkia, akaitika kwa furaha. Aliniketisha upande wa sikio zima. Nikamweleza yote: uji wa kahawia, bomba, uongo, mkewe.

Aliliweka chekeche chini. Nilingoja anipige, na ningeshukuru.

"Kwa hiyo sikuogopa?" akauliza.

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza. Miaka yote ile aliamini kwamba kule chini alishikwa na woga, akautema mpira mwenyewe, akanywa maji ya shimo. Aliposikia nimewaambia watu alikuwa mlevi, alidhani namfichia aibu, kwa sababu kwa mzamiaji ni afadhali aitwe mlevi kuliko mwoga. Alimwacha mkewe aende badala ya kumwambia kwamba aliogopa. Na kila aliponikumbuka, alikuwa akiniombea heri.

Akaokota chekeche lake. "Kamwambie mama Kulwa," akasema. Hakunitazama tena.

Nilikwenda. Mama Kulwa alinipa maji kwenye kikombe kabla sijasema neno, kama zamani. Nilipomaliza kusema hakulia wala hakunitukana. Alikichukua kile kikombe nilichonywea, akatoka nacho nyuma ya nyumba, akakitumbukiza chooni. Nilikisikia kikianguka.

Kulwa na Doto, wale pacha wao, ni watu wazima sasa, nao huenda Maganzo kumwona baba yao. Mama yao hajaenda. Ameshaolewa na mtu mwingine.

Ninyi mafundi, na yeyote anayeshika kitu ambacho uhai wa mwenzake umekiegemea, fungueni mtazame ndani, hata kama kinanuka. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliokuwepo. Mimi nilisema baada ya miaka, na nilichobaki nacho ni kujua kwamba niliyemharibia alikuwa akiniombea heri.