Binti Aliyekuja Kunichumbia

Juzi mtoto wa jirani alikaa kizingitini kwangu na simu yake, akicheka peke yake kama anayetekenywa. Nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha katuni za Kijapani, zile wanazoziita manga, za wanafunzi wa sekondari. Humo msichana ndiye mrefu, ndiye mbabe, ndiye anayemtongoza mvulana. Mvulana kazi yake ni kuona haya na kupika chakula cha mchana. "Anko, haya mambo ya kizazi chetu, huwezi kuyaelewa," akaniambia. Nikamrudishia simu yake nikaenda zangu uani, maana ningeanza kumweleza asingeniamini. Lakini wewe ni rafiki yangu wa siku nyingi, kaa nikusimulie.

Nilisoma sekondari hapa Mtwara, njia ya Naliendele, enzi ambazo ukiona mwanafunzi ana simu ujue hiyo simu itaishia ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na bibi, mama yake mama. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, pamoja na mikorosho michache nyuma ya nyumba. Kwa kuwa hakukuwa na mtoto wa kike, jiko lilikuwa langu. Nilijua kutwanga kisamvu, nilijua kuchemsha ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini tunayokula kwa chumvi na pilipili, na msimu wa korosho ukifika nilijua kuzichoma kwenye bati bila kuungua na yale mafuta yake yanayoruka. Moshi wake mweusi ulinikaa kwenye sare, hata darasani walijua nimeingia kabla hawajaniona.

Darasani kwetu alikuwapo binti ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa bandari, mtu wa nyanda za juu aliyeletwa Mtwara na kazi. Tulimwita binti wa bandari. Alikuwa mrefu kutuzidi wavulana wote, nahodha wa timu ya netiboli, na sauti yake ilifika kwanza, mwenyewe akafuata. Siku moja baba yake alipewa na mabaharia kitabu cha picha cha Kijapani, naye akakileta shule. Hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja. Hilo halikumsumbua. Wakati wa mapumziko tulikaa juu ya msingi wa maabara, ile maabara iliyoanza kujengwa ikaishia kwenye msingi, naye akatusomea hadithi aliyokuwa akiitunga papo hapo kwa kuangalia picha.

Kwenye picha msichana alikuwa mrefu, nywele fupi, anacheza mpira. Mvulana alikuwa mwembamba, amefunga aproni, anambebea msichana chakula. Darasa zima likacheka mpaka likageuka kunitazama mimi. Binti wa bandari naye akanitazama, akatazama kitabu, akanitazama tena. Kuanzia siku hiyo akawa ananibebea begi langu kutoka getini mpaka darasani, mbele za watu. Nilijaribu kumnyang'anya, nikashindwa. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Wavulana wakanipa jina la bibi harusi. Ningefanya nini? Nikaanza kumchemshia ming'oko, nikamletea kwenye kopo la mfuniko, akawa anakula huku anasimulia, pilipili zikimtoa kamasi.

Tatizo lilikuwa kwamba hadithi yenyewe iliisha vibaya. Ukurasa wa kwanza wale wawili walikuwa wameshikana mikono, na kadiri alivyofunua ndivyo walivyozidi kuachana, mpaka ukurasa wa mwisho wakapishana getini kama hawajuani. Alisikitika kwelikweli, akatuambia wamegombana kwa sababu ya wivu. Tukaamini. Ndipo mwenzetu mmoja aliyesoma madrasa akakichukua kitabu, akakigeuza, akasema kwa upole kwamba vitabu vya namna hii huenda vinafunguliwa kuanzia kulia, kama juzuu. Tukaanza upya. Wakapishana getini hawajuani, wakazoeana, wakagombana, wakapatana. Na kumbe picha tuliyodhani ni ya ugomvi nyumbani kwa mvulana, ya yule msichana akiwa amepiga magoti mbele ya wazee, ndiyo iliyokuwa karibu na mwisho. Alikwenda kwao kumchumbia.

Binti wa bandari akaikunja kona ya ukurasa ule, akanitazama. Mimi nikajua nimekwisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni naosha ming'oko niliposikia hodi. Alikuwa binti wa bandari, amejifunga kanga juu ya gauni, na nyuma yake rafiki yake wa darasani, aliyeletwa kuwa mshenga. Wakamwamkia bibi, wakakaa mkekani, wakatoa kilo ya sukari na mche wa sabuni. Mshenga akafungua mdomo, akashikwa na kicheko, akashindwa kusema lolote. Bibi akangoja. Mshenga akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango kama mwali, jasho linanitoka, sina pa kukimbilia kwa sababu njia ya kwenda mlango wa nyuma ilipita pale pale walipokaa.

Mwishowe binti wa bandari akajisemea mwenyewe. "Bibi, mshenga wangu ameshindwa kazi. Mimi namtaka mjukuu wako."

Nilidhani bibi atamfukuza. Hakumfukuza, wala hakucheka. Alimuuliza kwao ni wapi, wapo wangapi, wanakula nini huko. Akamweleza kwamba kijana wake ni mpole, hajui kugombana, anapika vizuri lakini anasahau chumvi. Kisha akasema, "Mwanangu, kwetu mume ndiye anayefunga virago akamfuata mke. Babu yake huyu alivuka mto wa mpakani pale Kilambo kwa mtumbwi, akaja kulima shamba la mama yangu kabla hajapewa hata mkeka wa kulalia. Kwa hiyo huyu atakufuata wewe, hakuna ajabu. Ila mmalize shule kwanza, asije mtu akafungwa hapa." Akaniita nilete chakula. Nikakileta, sikuinua macho, tukala wote sinia moja. Nimekula vyakula vingi tangu siku hiyo, na sijawahi kufurahi namna ile.

Kwetu sisi watoto yalikuwa nusu mchezo. Kwa bibi yalikuwa mambo yaliyokwisha. Tangu siku ile alimwita mkwe, akamwekea korosho zake pembeni, akamsisitizia kwamba subira huvuta heri. Yule binti akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili wakacheka kwa pamoja, mimi nikiwa katikati yao kama mzigo unaosubiri mwenyewe.

Tulipomaliza kidato cha nne baba yake akahamishiwa bandari ya Tanga. Sisi wa Mtwara tumezoea watumishi kuja na kuondoka, unazoea uso wa mtu, kisha unaona lori limesimama mlangoni kwao. Nilisaidia kupakia. Yeye alibeba kabati upande mmoja, mimi nikabeba upande wa pili, na mama yake alinionea huruma akanipa juisi. Lori lilipokuwa tayari akaniuliza kama nitamfuata, nami nikasema nitamfuata. Nilisema kweli. Nilikuwa nimeanza vibarua vya kubangua korosho nipate nauli, na bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akinikumbusha nisichelewe, asije mkwe wake akasema ukoo wetu hauna ahadi.

Msimu uliofuata bibi alianguka chini ya mikorosho yake. Kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Kina mama wa jirani walikuja kumwogesha, mengine yote yakawa yangu: kumlisha, kumgeuza, kumkalisha mlangoni aone watu. Tulifikiria kwenda naye Tanga, daktari akasema safari ya basi ingemmalizia njiani. Basi. Hakukuwa na mtu wa kulaumu, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwa sababu ukipata wa kumlaumu angalau unapumua.

Miaka ikapita hivyo. Binti wa bandari akasoma, akawa mwalimu huko huko Tanga. Tulipigiana simu, mwanzoni kila wiki, baadaye kila alipopata nafasi. Kisha likizo moja akaja, mwenyewe, bila kuniarifu, kama alivyokuja ile Jumamosi. Bibi alimjua. Alikuwa akiwasahau watu wengi wakati huo, hata mimi kuna siku aliniita kwa jina la babu, lakini mkwe wake alimjua. Akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima na kusema, polepole lakini vizuri, "Mchukue sasa. Mimi nitabaki na majirani."

Binti wa bandari alinitazama. Mimi nilitazama chini. Sote watatu tulijua majirani ni nini: ni watu wema wenye watoto wao na wagonjwa wao.

"Siwezi kumchukua, bibi," akasema. Akatoka nje akaosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa visafi, nikamsikia analia na sikwenda, kwa sababu ningemwambia nini? Aliondoka na basi la alfajiri. Begi lake nilimbebea mimi.

Bibi aliishi baada ya hapo, na sikujuta hata siku moja kwamba aliishi. Kila jioni aliuliza kama mkwe amefika, nami nilimjibu yuko njiani. Alikufa taratibu, usingizini, tukamzika kando ya mikorosho. Arobaini ilipopita nilikunja nguo zangu, nikamkabidhi jirani funguo, nikampigia simu binti wa bandari kumwambia kwamba sasa naweza kuja.

 Kabla hajajibu nikasikia mtu mwingine chumbani mle akiuliza chai iko wapi, sauti ya mwanamume aliye kwake.

"Ungeniambia mwaka jana," akasema.

"Mwaka jana bibi alikuwa hai."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Alinipa pole ya msiba, nikampa hongera ya ndoa, na kila mmoja alikuwa na maana ya alichosema. Siku hizi njia ya Naliendele imejaa nyumba, bajaji zinapita mpaka mlangoni, ile maabara imeisha na ina mapazia. Kisamvu nanunua kilichotwangwa tayari. Hakuna wa kumgeuza kitandani, hakuna wa kunizuia kufunga virago saa yoyote nitakayo, na sina wa kumfuata.