Kipande cha Sanda ya Bibi

Bibi yetu alikata kipande cha sanda yake mwenyewe ili dada yangu Zaina apate mahali pa kumchora. Mkasi aliuazima kwa fundi cherehani wa Vuga, wala hakumwambia ni wa kazi gani.

Enzi hizo za Mwingereza, huko kwetu milimani, mpiga picha alipatikana Lushoto mjini tu, na Bibi alishaapa kwamba lile sanduku lenye jicho moja halitamtazama. Zaina alikuwa ameposwa Mnazi, kule chini kwenye joto, na alitaka kwenda na sura ya Bibi aliyemlea.

Alianza na ukuta wa jiko, kwa mkaa. Bibi akajitazama, akasema, "Masikio hayo ni ya babu yako, mrudishie." Kabla hayajarekebishwa, mama akaikandika nyumba nzima udongo mweupe kwa ajili ya harusi. Likafuata jani la mgomba, ambalo ukilikwaruza kwa mwiba mistari hugeuka myeusi yenyewe. Sura ilitoka vizuri mno, ila jani likakauka, likajikunja.

"We Zaina, umenizeesha! Hata Mungu hakuniharakisha hivi!"

Kibao cha shule cha kaka Saidi nacho kilikwenda darasani na Bibi juu yake, kikarudi na hesabu za kugawanya.

Harusi ikakaribia. Zaina akawa analia jikoni akisingizia moshi. Ndipo Bibi akafungua sanduku lake, akatoa amerikani aliyojiwekea kwa siku yake ya mwisho, kama walivyofanya wazee wengi. Mama akashika kichwa.

"Mama, sanda haichezewi!"

"Nani anacheza? Mimi mfupi, hii imezidi miguuni. Chora, mjukuu wangu. Masikio uyaangalie."

Zaina alichemsha magome ya muwati hadi maji yakawa mekundu mazito, akachora kwa kijiti. Rangi ile haitoki hata kwa sabuni. Akashuka nayo Mnazi, imekunjwa ndani ya kanga.

Leo wajukuu zangu hupiga picha sahani ya wali kabla hata hawajanawa, na simu ikitumbukia kwenye ndoo, mwaka mzima wa maisha yao umezama. Wananiuliza kwa nini Zaina hakutafuta turubai la wachoraji. Turubai tulilolijua sisi lilifunika kabichi kwenye lori. Tulikuwa na sura moja tu ya Bibi, na kila mstari wake tuliujua.

Bibi alipofariki, Zaina alipanda kutoka Mnazi na kifurushi, akaingia moja kwa moja kwa wanawake waliokuwa wakimwosha. Tangu siku hiyo sijamwona mtu aliyekitia machoni kile kitambaa. Wapo wanaosema kilirudi pale kilipokatwa. Watu wa Mnazi wanashikilia kwamba kiko kwao, ila hawajapata kukionyesha. Zaina mwenyewe, ambaye sasa ni bibi wa watu, ukimuuliza anakusogezea kikombe.

"Kunywa chai, inapoa."